Vifaa vya Kuwatunzia Wazee Nyumbani: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Hapa Unguja, matunzo ya mzee ni kazi ya nyumbani. Yapo makao ya wazee ya Serikali Sebleni na Welezo, nayo yamewastiri wengi waliokosa wa kuwatunza. Lakini sehemu kubwa ya wazee wetu huzeekea katika nyumba zile zile walimolelea watoto wao. Anayewatunza ni binti, mkaza mwana, mjukuu au jamaa wa karibu, na mara nyengine mtumishi wa nyumbani. Kazi hiyo ni ya miaka, si ya siku: kuogesha, kulisha, kukumbusha dawa, kumgeuza mgonjwa kitandani na kuamka naye usiku.

Zamani nyumba haikukosa watu. Siku hizi kijana mmoja yuko kwenye zamu hotelini Nungwi au Paje, wa pili amehamia Dar es Salaam, wa tatu yuko Muscat au London, na mzee hushinda na mtu mmoja, au peke yake. Ndipo familia zinapotafuta msaada wa teknolojia: mashine za kupimia presha na sukari, saa zinazotambua kuanguka, kamera, vifaa vya kusaidia kusikia, viti vya magurudumu, magodoro ya hewa. Baadhi hununuliwa madukani Darajani, baadhi huletwa na jamaa kutoka nje, na vingine huagizwa kutokana na tangazo lililoonekana kwenye simu.

Vifaa hivi vinaweza kumpa mzee usalama na kumpunguzia mlezi mzigo. Vinaweza pia kula fedha za familia bila ya faida, na vibaya zaidi, kuwafanya watu waamini kuwa mzee analindwa ilhali halindwi. Makala haya yanamweleza mtumiaji namna ya kuchagua, gharama za kutazamia, na njia za kudai haki yake pale mambo yanapokwenda kombo.

Swali la kwanza: kikilia, nani atakuja?

Kifaa hupeleka habari tu. Mashine haishushi presha, kengele haimwinui aliyeanguka, na kamera haimpi mtu maji ya kunywa. Baada ya kila habari panahitajika mtu wa kuipokea na kuifanyia kazi. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, uliza nani atakuja.

Tuchukue mfano. Bibi mmoja anakaa peke yake ghorofa ya pili mtaa wa Kiponda. Mwanawe aliyeko Muscat amemtumia saa ya mkononi inayotambua mtu anapoanguka na kupiga simu yenyewe. Usiku mmoja Bibi anateleza. Saa inafanya kazi yake barabara: simu inalia Muscat, mwana anapokea papo hapo. Lakini yeye yuko ng'ambo ya bahari. Anampigia jirani; jirani anashuka mbio, anakuta mlango mkubwa wa chini umefungwa kwa ndani na ufunguo wa akiba hakuna. Katika mfano huu saa haina kosa. Kilichokosekana ni mtu mwenye ufunguo.

Kabla ya kununua kifaa chochote cha kutoa taarifa ya dharura, andikeni kwenye karatasi majina matatu: mtu wa kufika ndani ya dakika kumi, mtu mwenye ufunguo, na mtu mwenye chombo cha usafiri. Kwa wakaazi wa Mji Mkongwe ongezeni jengine: gari haliingii katika vichochoro vingi, hivyo mgonjwa atabebwa hadi barabarani. Nani atambeba, na kwa kutumia nini? Karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na simu. Kama majina hayo hayapatikani, fedha za saa zingefaa zaidi kumlipa mtu wa kumtembelea mzee asubuhi na jioni.

Msaada mwengine umo katika shehia yenyewe. Sheha huwajua wazee wa eneo lake. Wapo pia wahudumu wa afya wa jamii wa kujitolea, ambao chini ya mpango wa Jamii ni Afya wamepatiwa simu za kufanyia kazi wanapozitembelea nyumba. Mpango huo ulianzia katika afya ya mama na mtoto. Hata hivyo, mhudumu wa shehia yako ataweza kukueleza kituo gani kinahudumia ugonjwa gani na siku zipi.

Anza na nyumba, kisha umeme na intaneti

Teknolojia haimaanishi vitu vya kuchaji peke yake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya aina 50 za vifaa saidizi vinavyostahili kupewa kipaumbele katika kila nchi. Zimo kengele za dharura na vitambuzi vya kuanguka. Lakini pia imo mikongojo, miwani, visanduku vya kupangia dawa na vyuma vya kushikilia ukutani. Mara nyingi kifaa cha bei ndogo ndicho kinachozuia madhara makubwa.

Nyumba za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zina ngazi zenye mwinuko mkali, vizingiti virefu na kona zenye kiza hata mchana. Kabla ya kufikiria saa ya kutambua kuanguka, zuieni kuanguka kwenyewe. Wekeni mkono wa kushikilia pande zote mbili za ngazi, taa ya kuchaji inayowaka yenyewe mtu anapopita, chuma cha kushikilia chooni, na mpira usioteleza chini ya mkeka. Anayetaka kuvunja ukuta au kubadilisha ngazi katika eneo la Mji Mkongwe, ambalo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, awasiliane kwanza na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Kiti cha magurudumu nacho huchaguliwa kwa kupima, si kwa kutazama. Pima upana wa nyonga za mzee akiwa amekaa, kisha pima mlango mwembamba kuliko yote nyumbani, ambao mara nyingi ni wa choo. Kiti kilicho kipana mno humfanya mzee aegemee upande mmoja; kilicho chembamba humbana ngozi; na kisichopita mlangoni huishia kutundikwa nguo. Kwa wakaazi wa vijiji vya pwani kama Paje au Jambiani, magurudumu membamba ya kiti cha hospitali huzama mchangani. Uliza kiti chenye magurudumu mapana. Mzee atakayekaa kitini kutwa anahitaji mto maalumu wa kukalia, kwani bila ya huo vidonda vya mgandamizo huanza ndani ya muda mfupi na kupona kwake ni kazi kubwa.

Mashine za kupimia presha

Chagua mashine yenye mkanda wa kufunga kwenye mkono wa juu, baina ya kiwiko na bega. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi, kwa sababu kipimo chake hubadilika mkono unapokuwa juu au chini ya moyo. Mkanda uwe na saizi ya mkono wa mzee: mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonesha presha kubwa kuliko ilivyo. Usitegemee programu ya simu inayodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera.

Namna ya kupima ina uzito sawa na mashine yenyewe. Mzee akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila ya kupandishana, na mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Asipimwe mara tu baada ya kahawa, sigara au kupanda ngazi. Pimeni mara mbili kwa kuachanisha dakika moja au mbili, na muandike tarehe, saa na namba zote mbili katika daftari. Daftari hilo ndilo faida halisi ya mashine, kwa sababu daktari huamua kwa kutazama mwenendo wa wiki kadhaa, si kwa namba moja. Mlezi asiongeze wala asipunguze dawa kwa sababu ya kipimo cha siku moja.

Namba zikizidi 180 kwa 120, rudieni baada ya dakika chache. Zikibaki hapo, na mzee ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi, mdomo umekwenda upande, ulimi mzito au mkono umelegea, msisubiri asubuhi: mpelekeni hospitali mara moja.

Mashine za kupimia sukari

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea hesabu. Mashine yenyewe huuzwa kwa bei nafuu, na pengine hutolewa bure. Gharama imo katika vipande vya kupimia, vinavyojulikana kwa jina la stripi. Kila kipimo hutumia kipande kimoja, na vipande vya mashine moja aghalabu haviingii katika mashine nyengine. Mzee aliyeshauriwa kupima mara mbili kwa siku anahitaji vipande 60 kwa mwezi. Kopo la 50 litamfikisha siku ya 25 tu. Kwa hivyo, kabla ya kununua mashine, uliza bei ya kopo la vipande, uliza maduka mangapi ya dawa hapa Unguja yanaviuza, na tazama tarehe ya kumalizika muda wake. Kopo likifunguliwa lifungwe sawasawa kila mara, maana unyevu wa hewa yetu huharibu vipande hata kabla ya tarehe hiyo.

Tahadhari nyengine inawahusu wanaoletewa mashine kutoka nje. Zipo namna mbili za kuandika kiwango cha sukari. Mashine za Marekani hutumia kipimo ambacho namba zake ni mara 18 ya kile kinachotumika katika hospitali zetu: 7 ya hapa ndiyo 126 ya huko. Mlezi aliyezoea namba ndogo akiona 126 atashituka bure, na aliyezoea namba kubwa anaweza kulipuuza onyo la hatari. Tazama kipimo kilichoandikwa kwenye kioo cha mashine. Kama ni tofauti na cha kliniki yako, usiitumie mpaka mtaalamu akuoneshe namna ya kuisoma.

Yanauzwa pia masaa na pete zinazodaiwa kupima sukari bila ya kutoboa ngozi. Mwezi wa Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watumiaji kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe kwa njia hiyo. Mzee anayetumia insulini akiamini namba ya uongo, anaweza kujidunga dozi ya kumpotezea fahamu.

Vikumbusho vya dawa na saa yetu

Kisanduku chenye vyumba saba vya siku za wiki ni kifaa rahisi, na mlezi anaona kwa jicho moja kama dawa ya jana imemezwa. Simu na visanduku vinavyolia hutoa msaada zaidi, lakini vina mtego mmoja kwetu sisi. Vifaa hivyo huhesabu saa kwa mtindo wa kigeni, na mzee huhesabu kwa Kiswahili. Kikumbusho kilichoandikwa "8:00" kinakusudia saa mbili, na mzee anaweza kukisoma saa nane. Dawa ya asubuhi ikaliwa mchana, na ya jioni ikaifuata kwa karibu mno. Mpangie mzee sauti, si namba: kengele ikilia, ale dawa ya chumba kilichoandikwa asubuhi. Kama kifaa kinakubali, rekodi sauti ya mjukuu akisema kwa lugha ya nyumbani dawa gani iliwe.

Vifaa vya kusaidia kusikia

Mzee asiyesikia hujitenga. Huacha baraza, huacha simu, na hatimaye watu humdhania amepungukiwa na akili kumbe amepungukiwa na sauti. Kifaa cha kusaidia kusikia, au shimesikio, kinaweza kumrudisha katika mazungumzo, lakini kisinunuliwe kama miwani ya jua. Kwanza sikio likaguliwe, kwani huenda ni nta tu iliyoziba na kinachohitajika ni kusafishwa. Kisha mzee apimwe usikivu, na kifaa kirekebishwe kwa kufuata kipimo chake. Vifaa vya bei ndogo vinavyouzwa kwa tangazo mara nyingi ni vikuza sauti tu. Huongeza kila kitu kwa pamoja, mazungumzo na makelele ya mtaani, na mzee huishia kukivua.

Uliza kuhusu betri. Betri ndogo za vifaa hivi hudumu siku chache hadi wiki mbili hivi, kwa hivyo ujue mapema zinapatikana wapi. Usiku kifaa kihifadhiwe katika kikopo kikavu chenye kifuko cha kunyonya unyevu. Hewa ya bahari na jasho ndivyo vinavyoviua vifaa hivi mapema. Mzee apewe wiki kadhaa za kuzoea, akianza na saa chache kila siku ndani ya nyumba.

Simu, pensheni na matapeli

Tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa Pensheni Jamii wakaazi waliofikia umri wa miaka 70. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi shilingi 50,000. Kwa wazee wengi hicho ndicho kipato pekee kilicho chao wenyewe. Nao watoto walio mbali hutuma fedha za matunzo kwa simu. Hivyo simu ya mzee imekuwa ndiyo mkoba wake, na wezi wanalijua hilo.

Namba ya siri ni ya mzee. Kampuni ya simu, benki au ofisi ya Serikali haimpigii mtu simu kumuomba namba yake ya siri; anayeiomba ni mwizi, hata akitaja jina lako kamili. Ujumbe unaosema "ile hela itume kwenye namba hii" usijibiwe. Upelekwe kwenye namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kupokea taarifa za namba za utapeli. Aidha, laini husajiliwa kwa alama za vidole, na mzee huweza kuekeshwa kidole mara ya pili bila ya kujua kuwa laini nyengine imesajiliwa kwa jina lake. Bonyeza *106# kwenye simu yake, uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na uombe zifungwe zile asizozijua.

Pale mzee anapokuwa hawezi tena kuendesha simu yake, familia ichague mtu mmoja kwa uwazi, mbele ya ndugu wengine na kwa ridhaa ya mzee. Kila fedha inayoingia na kutoka iandikwe katika daftari ambalo ndugu yeyote anaweza kulitazama. Utaratibu huu humlinda mzee na humlinda pia anayemsaidia, ambaye mara nyingi ndiye anayetuhumiwa bure.

Kamera, ruhusa na stara

Mtoto aliye mbali hutaka kumuona mzazi wake, nalo ni jambo la mapenzi. Lakini kamera inayoona kila kitu humvua mzee stara aliyoilinda umri wake wote. Mwanamke aliyejisitiri miaka themanini hapaswi kuoneshwa kichwa wazi kwenye simu ya mkwe, wala kwenye kompyuta ya kampuni asiyoijua.

Muulizeni mzee kwanza, kwa maneno anayoyafahamu: kamera itakuwa wapi, nani ataiona, na lini inazimwa. Akikataa, amekataa. Kama kumbukumbu zake zimedhoofika, ulizeni nafsi zenu angelisema nini alipokuwa na nguvu zake. Kamera isiwekwe chumbani wala chooni. Ukumbi au mlango wa mbele unatosha. Mlezi na wageni waambiwe kuwa ipo. Siku ya kwanza badilisheni neno la siri lililokuja na kifaa, kwani wahalifu wanayajua maneno hayo. Mara nyingi kitambuzi kidogo kinachoonesha kuwa mlango umefunguliwa asubuhi, au simu ya sauti kila siku baada ya sala ya alfajiri, hutoa habari ile ile bila ya kumtazama mtu.

Kifaa kinachokusanya habari za afya ya mzee huzipeleka mahali. Muulize muuzaji zinahifadhiwa wapi, nani anazisoma, na zinafutwaje huduma ikikoma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na muuzaji makini hatakosa jibu.

Umeme ukikatika

Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa kiasi cha mwezi mmoja bila ya umeme huo, na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, lakini kukatika kwa saa kadhaa bado kunawezekana, na mita ya TUKUZA nayo huishiwa uniti usiku wa manane.

Kwa kila kifaa uliza: umeme ukikatika, kitadumu saa ngapi, na baada ya hapo tutafanya nini? Godoro la hewa lenye pampu hupoteza upepo, na mgonjwa lazima ageuzwe kwa mikono kila baada ya saa mbili. Mashine ya kutengeneza oksijeni husimama papo hapo. Asiyekuwa na mtungi wa oksijeni wa akiba asiitegemee peke yake. Insulini iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, huweza kukaa nje ya friji kiasi cha wiki nne ikiwa haipati joto kali. Mtungi wa udongo wenye maji, uliowekwa kivulini penye upepo, huipoza chupa iliyofungwa katika mfuko usiopitisha maji.

Anayeletewa vifaa kutoka nje atazame maandishi yaliyo nyuma ya kifaa. Umeme wetu ni wa volti 230. Vifaa vya Oman na Dubai hukubaliana nao, lakini kifaa cha Marekani kilichoandikwa volti 110 au 120 peke yake kitaungua mara tu kikichomekwa.

Haki zako na pa kulalamikia

Zanzibar ina Sheria ya Ushindani Halali na Kumlinda Mtumiaji, Namba 5 ya mwaka 2018. Mtumiaji anastahiki kupewa maelezo ya kweli na bidhaa iliyo salama. Ili aweze kudai, awe na ushahidi. Dai risiti yenye jina la duka, tarehe na jina la kifaa. Hifadhi boksi, karatasi ya dhamana na picha ya tangazo lililokuvutia. Kifaa kikiwa na kasoro, acha kukitumia, kirudishe kwa muuzaji na uandike siku uliyokirudisha na jibu ulilopewa.

Usiporidhika, peleka malalamiko katika Tume ya Ushindani Halali ya Zanzibar. Kwa dawa na vifaa tiba vinavyotiliwa shaka, wasiliana na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar; kwa ubora wa bidhaa nyengine, Taasisi ya Viwango Zanzibar; na kwa laini za simu na utapeli wa mtandaoni, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kama mzee mwenyewe anadhulumiwa au ametelekezwa, pitia kwa Sheha au katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Jumuiya ya Wastaafu na Wazee Zanzibar, JUWAZA, nayo ni mahali pa kuombea ushauri.

Maswali tisa ya kubeba dukani

1. Shida ya mzee ni ipi hasa, na je, kifaa hiki kinaiondoa?
2. Mzee mwenyewe amekitaka au amekubali?
3. Kikitoa taarifa, nani ataipokea, nani atafika, na nani ana ufunguo?
4. Vipande, betri, bando na ada vitagharimu kiasi gani kwa mwezi? Zidisha mara 24, ujue gharama ya miaka miwili.
5. Vipuri na fundi wanapatikana hapa Unguja?
6. Maandishi na sauti zake ni za lugha anayoifahamu mzee na mlezi?
7. Umeme au intaneti ikikatika, tunafanya nini?
8. Habari za mzee zinakwenda wapi?
9. Kisipofaa, kinarudishwa kwa siku ngapi, na kwa masharti gani?

Muuzaji anayejibu maswali haya kwa utulivu anastahiki biashara yako. Anayekuharakisha kwa kusema bei inapanda kesho, mwache na bidhaa yake. Na kabla ya kutoka nyumbani, kaa na mzee, umuulize kitu gani kingemrahisishia siku yake. Huenda usiyatarajie majibu yake: wapo wanaotaka taa ya ngazini, na wapo wanaotaka mtu wa kuzungumza naye jioni.